Kisima kwenye ploti Kasarani: kibali kwanza

Ndugu, nimekuelewa: mifereji imekauka, wapangaji wanalalamika, na mwenye mashine anakwambia uchimbe kisima sasa, karatasi zitafuata. Usikubali. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, hutangulia. Anza na mwanajiolojia wa maji aliyesajiliwa. Ripoti yake huambatishwa kwenye ombi. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nao wana masharti yao, waulize mapema.

Linalonisumbua zaidi ni floraidi, madini ya asili yaliyomo kwenye maji ya ardhini. Visima vingi vya Nairobi vinayo kwa wingi, huharibu meno ya watoto, na kuchemsha hakuiondoi (wengi hudhani huiondoa). Peleka sampuli ya maji maabara kabla mtu hajayanywa. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, hayo yawe ya kufulia na choo tu.