Chuo cha bei nafuu huku Maine, Marekani

Dada umeuliza mdogo wako kamaliza haiskuli hapo Lewiston anataka unesi na hela hamna, sasa aanzie wapi. Aanzie komyuniti koleji jamani, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, asikimbilie yunivasiti moja kwa moja! Maine inazo saba, na ya kwenu iko ng'ambo ya mto tu, Auburn, Central Maine Community College, na unesi wanafundisha. Tangu 2022 jimbo lina mpango wa kuwalipia ada vijana waliomaliza haiskuli miaka ya karibuni, ila lazima ajaze FAFSA kwanza, yaani fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba msaada wa hela za chuo, hapo ndo wengi wetu tunapopoteza bahati maana tunaona fomu ndefu tunaiweka pembeni mpaka muda unapita. Ijazeni wiki hii hii. Ni bure kuijaza, mtu akikudai hela ujue ni mwizi.

Vitabu na nauli haviko kwenye huo mpango, hivyo jipangeni.

Akimaliza miaka miwili anahamia kwenye digrii, University of Maine at Augusta wana masomo mengi ya onlaini na USM (University of Southern Maine) ina kampasi hapo hapo Lewiston, lakini kabla hajachagua kozi hata moja amuulize advaiza, mshauri wa masomo pale chuoni, zipi zitahesabika akihama, mi nimeona watu wakirudia masomo na inauma sana. Kama Kiingereza bado kinamsumbua, madarasa ya watu wazima ya wilaya yanasaidia, aende tu asione aibu.

Kakwama wapi sasa hivi, nakala za matokeo ya shule au FAFSA?