Injini mpya kwenye MG Midget: tafuta giaboksi kwanza

Mkuu, umesema una MG Midget ya 1972, kile kigari kidogo cha Kiingereza cha viti viwili, injini yake ya cc 1275 imenoki, na wachangiaji wa juu wamekwambia utupie injini ya 3S-GE ya Toyota Altezza umalize kazi. Ninayo Midget ya umri huohuo hapa Arusha. Huko unakokwenda nimeshapita, tena mara mbili, maana mara ya kwanza nilichemka.

Tuimalize hiyo Altezza kwanza. 3S-GE ni cc 1998, bloku la chuma, na ile yenye giaboksi ya gia sita ilitoka kiwandani na nguvu farasi 210. Midget nzima, viti na rejeta ndani yake, ni kama kilo 700, na ilizaliwa na farasi 65. Hafu shafti zake, zile zinazozungusha magurudumu ya nyuma, zinajulikana kukatika hata kwa injini ya asili iliyochangamshwa kidogo. Ukiweka 210 utakuwa unabadilisha difu, breki, shokapu zile za kizamani, na mwishowe unatengeneza gari jingine kabisa lenye bodi ya Midget. Anayekwambia inaingia, muulize kama ameshawahi kushika tepu akapima.

Sasa kosa langu. Nilinunua 5A-FE ya Corolla kwa sababu ilikuwa bei poa na vipuri vyake viko kila duka. Ni injini nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini ile imetengenezwa ikae kwa ubavu, gari livutwe na magurudumu ya mbele. Ukiigeuza ikae kwa urefu, distribyuta na mdomo wa maji vilivyo upande wa giaboksi vinatazamana uso kwa uso na bati la dashibodi. Hilo nilikuwa tayari kulikata. Kilichonishinda ni giaboksi. Inayofunga pale na kupeleka moto nyuma ni T50, ile ya Corolla AE86, na nilizunguka miezi miwili bila kuiona hata moja inayofaa. Injini ikakaa chini ya turubai miezi minane, kuku wakaifanya kiota.

Fundi wangu, mzee mtaratibu sana, ndiye aliyenifungua macho. Alikuja na boksi la televisheni, akalikata kwa kisu kwa vipimo vya giaboksi ya zamani, akalala chini ya gari na lile karatasi. Akaniambia: "Injini yoyote utaipata, mwanangu. Kinachokukataa hapa ni hili handaki." Kweli, handaki la Midget, ule mfereji wa bati katikati ya sakafu unaofunika giaboksi, ni jembamba, linakaribia kukumbatia giaboksi, na miguu yako inakaa pembeni yake hapohapo. Kila sentimita unayolipanua unaitoa kwenye pedeli.

Kwa hiyo tukaanza upya: giaboksi ndogo, gia tano, ya kupeleka nyuma, na inayopatikana Tanzania. Wenzetu wa Uingereza wanatumia Type 9 ya Ford Sierra, huku kwetu utaitafuta uzeeke. Toyota TownAce yenye injini ya 7K ina giaboksi sahihi na ni ngumu kama jiwe, ila injini ni nzito na bado ni ya pushirodi kama ile ya kale ya Midget, sasa hapo umebadilisha nini? Kilichobaki ni Suzuki Jimny. Watu wanaiona kama gari la porini, lakini tazama chini yake: transfa yake, lile boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, haijashikana na giaboksi, imekaa peke yake na kuunganishwa kwa shafti fupi. Ukiiacha transfa dukani, unabaki na injini iliyokaa kwa urefu na giaboksi ya gia tano inayotoka moja kwa moja kwenda nyuma. Samurai nayo iko hivyohivyo.

Nilichukua G13BB, ile ya Jimny Wide ya 1998 hadi 2000: cc 1298, valvu 16, bloku la aluminiamu, kama farasi 85. Baadaye ilifuatwa na M13A, ambayo ni ya taimingi cheni na ningeichagua leo, maana yangu ni ya belti na lazima uibadilishe kwa wakati. Nilishuka mwenyewe hadi Gerezani, kule Dar es Salaam kwenye maduka ya vipuri. Usikubali injini tupu. Chukua na waya zote bila kukatwa, kontrol boksi, sensa, pedeli ya mafuta, hadi plagi ya mwisho. Muuzaji mmoja alishaanza kukata waya kwa koleo ili zikae vizuri kwenye gunia, nikamshika mkono.

Kuingiza kulichukua wiki mbili, kumalizia kukachukua miezi mitano. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, iligonga fremu ya mbele, tukaikata na kuichomelea upya. A-series, yaani ile injini ya asili ya Midget, ina kabureta na ekzosi upande mmoja, hii inavuta hewa upande huu na kutoa moshi upande ule, hivyo kimoja lazima kigombane na shafti ya usukani. Panga kuunda bomba upya. Klachi ya Suzuki ni ya kebo, ya Midget inasukumwa na mafuta kama breki, tukatengeneza kishikizo cha kubeba silinda ndogo inayovuta mkono wa klachi. Pampu ya petroli ya asili inasukuma kidogo tu kwa ajili ya kabureta, nozeli zinataka karibu bar 3, kwa hiyo pampu mpya, mabomba mapya na njia ya kurudisha mafuta kwenye tanki. Hapo usibane hela, ni petroli.

Propela, ile shafti ndefu ya kutoka giaboksi hadi difu, ndiyo iliyonitesa. Mbele Suzuki, nyuma MG, ikakatwa, ikabalansiwa, na bado kwenye kilomita 80 kioo cha pembeni kilikuwa kinatetemeka hadi huoni kilicho nyuma. Tukabalansi tena. Wapi. Mwisho mzee akaweka pima maji mgongoni mwa giaboksi, kisha kwenye difu: zilikuwa zimepishana mwelekeo. Tukaweka washa za chuma za milimita sita chini ya mauntingi ya nyuma ya giaboksi, mtetemo ukaisha siku hiyohiyo. Pima hilo kabla hujachomelea chochote.

Faida yake? Zamani kwenye kilomita 100 injini ilikuwa inapiga karibu mizunguko 3,700. Sasa kwenye gia ya tano ni kama 3,000, na tunaongea ndani ya gari bila kupiga kelele. Nikishuka kutoka Arusha, mita 1,400 na ushee, hadi Tanga baharini, sigusi kitu. Kabureta za SU zilikuwa zinataka kurekebishwa kila nikibadili mwinuko. Gia ya kwanza tu ndiyo fupi mno, ni ya kupandia mlima na mzigo. Mara nyingi naondokea ya pili.

Spidi mita haifanyi kazi, kwa sababu Suzuki huchukua spidi yake kutoka kwenye transfa, ile uliyoiacha dukani. Natumia simu.

Kadi ya gari ina namba ya injini na ujazo wake, kwa hiyo dai risiti kwa muuzaji na uende TRA mapema, usisubiri kusimamishwa barabarani.

Na hiyo 1275 usiiuze chuma chakavu, hata ikiwa imenoki. Yangu nimeipaka grisi, iko chini ya meza ya gereji, na vishikizo vyake vya asili kwenye bodi hatukuvigusa.