Aliihukumu kwa sikio

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama divai nyekundu ya bei ya chini inaweza kuwa nzuri. Inaweza, sana tu. Kinachoniwasha ni huyu mwonjaji anayeijua bei: tumwamini vipi? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watafiti huko Marekani waliwaonjesha watu divai ileile, mara wakiambiwa ni ya dola 10, mara ya dola 90. Ya 90 ndiyo iliyosifiwa, na hata mashine iliyopima ubongo wao ilionyesha raha imepanda.

Miaka yote nimesema bei haina ladha. Shemeji yangu haamini hivyo, na akishika glasi ni hotuba. Jioni moja nikaamua kumnyamazisha. Nikanunua chupa tatu: ya bei chee kabisa, ya katikati, na moja iliyoniuma. Nikazivika soksi zenye namba na kuzitia kwenye friji nusu saa, maana divai nyekundu ikiwa na joto, kileo hutangulia puani kuliko zabibu. Nikajiona fundi. Kumbe namba mbili haikuwa na kizibo, ilikuwa na kifuniko cha kuzungusha, ambacho wengi hukiona ni cha divai rahisi. Nikiwa jikoni kikalia krak! Shemeji akasikia toka sebuleni. Ilipofika mezani hata hakuinusa. "Hii ndiyo ya bei chee," akasema. Aliihukumu kwa sikio! Ushindi akaipa namba moja: laini, ina utamu kwa mbali, inateleza yenyewe. Nami nikacheka kimoyomoyo, kwani namba moja ndiyo iliyokuwa ya bei chee. Mkono ulishafika kwenye soksi.

Sikuivua. Maongezi yalinoga, na baada ya kama saa moja nikazirudia glasi zangu. Namba moja ilikuwa imebaki utamu wa jamu na moto wa kileo kooni, basi. Namba mbili, ambayo mwanzo ukakasi wake ulinikausha ulimi, ilikuwa imelegea, na sasa ilinukia pilipili manga. Ile ya ghali ilikuwa nzuri, ina harufu ya pipa la mwaloni, lakini haikuizidi namba mbili kwa kiasi kile cha pesa.

Kwa hiyo siku hizi nanunua ya katikati, mimi niliyekuwa nikijigamba. Chupa, usafiri na kodi havipungui sana kwa sababu divai ni rahisi, hivyo kwenye ya bei chee kabisa zabibu hupata makombo. Ukiongeza kidogo tu, sehemu kubwa ya nyongeza huingia kwenye divai yenyewe. Ila msinishike sana. Jioni ile mimi ndiye niliyejua kila soksi imeficha nini, na huenda nami nilikuwa naonja bei.

Shemeji mpaka leo anajua namba moja ndiyo iliyokuwa ya ghali. Sijamwambia.