Mkuu, usinunue kadi nyingine, zima kwanza usingizi wa prosesa

Rudisha hiyo laki sita mfukoni. Umesema kadi yako ya sauti ya PCI (ile ya kuchomeka ndani ya kompyuta) ilipiga kazi miaka yote kwenye mashine ya zamani, umeihamishia kwenye kompyuta ya Intel yenye Linux, sasa inakwaruza, na fundi kakwambia imekufa. Unauliza ununue ipi na maikrofoni gani za kwaya. Mimi niliambiwa hivyohivyo nikaamini. Kadi nikaiuza kwa 40,000. Kijana aliyeinunua akaichomeka kwake, ikatoa sauti safi kama maji ya kisima, mpaka leo anaitumia.

Nijibu hili: inakwaruza zaidi kompyuta ikiwa haina kazi? Kadi niliyonunua baadaye nayo ilikwaruza. Usiku mmoja nikaacha video inajitengeneza huku nasikiliza kwaya niliyorekodi mchana. Safi kabisa, beti la kwanza, la pili. Video ikamaliza katikati ya kiitikio, na hapohapo trrr, trrr ikarudi. Kadi mbovu haiponi kwa sababu prosesa ina kazi.

Prosesa isipokuwa na kazi husinzia kwa ngazi. C1 ni kufumba macho tu. C6 viini vyake, yaani vitengo vinavyofanya kazi ndani yake, vinakatiwa umeme kabisa, na kuamka kunachukua muda. Draiva nyingi za zamani (programu zinazoendesha kadi) ziliandikwa prosesa ikiwa macho muda wote: kadi ikibisha hodi, inafunguliwa papo hapo. Ukiweka bafa, yaani akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa, ya sampuli 64 kwa 48,000 Hz, una kama milisekunde 1.3 tu kabla sauti haijakatika. Hapo kadi yenyewe inachota data kwenye RAM na ina akiba ndogo sana ndani yake. Mlango ukichelewa kufunguliwa, akiba inakauka, unasikia mkwaruzo.

Sasa sikia kilichonimaliza. Kabla ya kuuza kadi nilikuwa nimeshaambiwa kuhusu usingizi huu. Mtu aliandika kwa kujiamini kabisa, weka intel_idle.max_cstate=0 kwenye mstari wa kuwashia keneli (moyo wa Linux), tatizo kwisha. Watu wakamshukuru. Nikaweka, hakuna kilichobadilika, nikasema basi prosesa haihusiki. Ile sifuri haizimi usingizi! Inaizima draiva ya intel_idle peke yake, ile ya kulaza prosesa za Intel, kisha draiva nyingine ya kulaza, ya ACPI, inashika zamu na kuendelea kuilaza prosesa kama kawaida. Namba inayotakiwa ni 1: intel_idle.max_cstate=1. Ukitaka sifuri lazima uongeze na processor.max_cstate=1. Kwa tarakimu hiyo moja nimepoteza kadi, pesa, na rekodi ya kwaya ya watu 32 waliotoka Bukoba kwa nauli yao. Hawakuweza kurudi. Bado inaniuma, na bado namkasirikia mtu anayeandika "nimejaribu, inafanya kazi" juu ya kitu ambacho hakukijaribu.

Kwa hiyo usiamini kwamba umezima, hakikisha. Ingia /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpuidle, kila ngazi ina folda yake: jina lake, na "latency", yaani mikrosekunde inazohitaji kuamka. Kama root (mtumiaji mkuu wa Linux), andika 1 kwenye faili la "disable" la kila ngazi yenye usingizi mzito kuliko C1, kwa kila kiini, bila hata kuwasha upya. Cheza wimbo, kaa kimya dakika kumi, usiguse kipanya. Mkwaruzo ukiisha, kadi yako ni nzima. Ndipo uweke intel_idle.max_cstate=1 kwenye mstari wa kuwashia keneli iwe ya kudumu.

Mashine itapata joto zaidi na kula umeme zaidi. Kwa kompyuta ya mezani ya studio hilo vumilia, kwa laptopu washa tena ukimaliza kurekodi.

Fanya leo usiku, kabla hujampigia muuzaji, uniandikie hapa ulichosikia.