Maswali ya biashara: uza kwanza, kodi duka baadaye

*Juisi yangu ya ukwaju nimewaonjesha ndugu na majirani, wote waisifu. Nichukue mkopo nikodi kibanda Mwembe Tayari, hapa Mombasa? (Mama, Kisauni)*

Dada, usichukue. Nani atakunywa juisi ya bure kwako kisha akwambie mbaya? Tengeneza ndoo moja, itie kwenye chupa, mwombe muuza viazi karai akuwekee kwa bei kamili. Aliyenunua mara moja huenda alikuwa na kiu tu, mtazame anayerudi. Asiyerudi, muulize siku hizi anakunywa nini na kwa shilingi ngapi. Na hii mikopo ya simu haina subira: itadai kabla juisi yako haijajulikana.

*Dodoso la WhatsApp latosha?*

Halitoshi. Kujibu ndiyo hakumgharimu mtu kitu.

*Nataka programu ya simu ya kuuzia samaki mpaka mlangoni, Nyali na Bamburi. Fundi ataka laki mbili. (Likoni)*

Laki mbili kabla hujauza hata samaki mmoja! Alfajiri piga picha samaki waliotua, watumie watu kwa WhatsApp pamoja na bei, pokea malipo, mkabidhi boda boda. Kwa siku chache utajua kama wateja wamtaka mzima au aliyeparuliwa, jambo ambalo fundi hawezi kukwambia. M-Pesa yenyewe ilianza majaribio 2005 kwa kulipia mikopo midogo. Wateja wakaitumia kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, Safaricom ikaliona hilo, na ilipozinduliwa 2007 ilikuja kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Oda zikikushinda kwa mkono, hapo mwite fundi. Na uliyepokea pesa zake ukakosa samaki, mrudishie siku hiyo hiyo.

*Wakiniibia wazo je?*

Swali hili nimelichoka. Wazo la mahamri analo kila mtu Pwani. Uza.

*Ramadhani kaimati zangu ziliisha kila siku kabla ya adhana ya Magharibi. Nifungue duka? (Kibokoni)*

Bado. Mwezi ule watu hununua futari, na kitamu chochote huondoka. Zipike tena Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, pahali pale pale, bei ile ile, na uandike daftarini zilizouzwa na zilizobaki. Hesabu pia mafuta, makaa na saa zako, maana wengi huona faida kwa sababu jasho lao hawalitii bei. Cheti cha afya kikate mapema. Askari wa kaunti hajali kwamba wewe unajaribu tu.