Barua kwa mwanangu: breki za Datsun

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, na picha ya gari nimeikuza kwenye simu hadi macho yakaniuma. Zuri, sikatai. Unaniuliza kama breki za hiyo Datsun 240Z yako ya 1972 uziache zilivyo, au ung'oe zote, mbele uweke kalipa, yaani zile koleo zinazobana diski, za pistoni nne, na nyuma uondoe drumu uweke diski, kama wenzako wanavyokushauri. Fundi ameshakutajia bei na wewe mkono umeshaingia mfukoni. Utoe kwanza.

Najua utanijibu kwamba hilo ndilo gari lililoshinda mbio za magari za Safari Rally. Kweli, mwaka 1971 na Edgar Herrmann, na 1973 na Shekhar Mehta. Tulikuwa watoto, tumeizunguka redio ya babu yako kama nzi kwenye tende. Lakini wale walikuwa na mafundi wanaowangoja njiani na vipuri vipya mkononi. Wewe una jeki na rafiki mmoja anayependa kuongea.

Nimeuza spea miaka thelathini na moja, mwanangu, na baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa gereji mkabala na duka langu. Wateja waliokuja kutaka breki kubwa nimewaona wengi. Nilikuwa nawauliza swali moja tu: ukikanyaga kwa nguvu, magurudumu yanajifunga? Kama yanajifunga na gari bado linateleza, basi breki imeshamaliza kazi yake, kilichobaki ni kazi ya tairi. Hata ukiweka kalipa ya lori, tairi haliwezi kushika barabara kuliko linavyoshika. Ndiyo maana picha yako niliikuza. Lile tairi la nyuma la kushoto lina mipasuko ubavuni. Tazama tarakimu nne zilizopigwa pale ubavuni: 2314 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Niambie umesoma nini.

Breki kubwa faida yake ni kwenye joto. Gari lako lina tani moja na kidogo. Kulisimamisha mara moja kutoka kilomita 100 kwa saa kunatoa joto la kuchemsha birika la lita moja na robo, maji yakiwa ya mtungini. Kutoka 50 ni robo ya hapo, kikombe kikubwa cha chai. Mjini, kikombe kimoja kimoja, diski zinapata nafasi ya kupoa. Lakini wewe Jumapili unateremka Mai Mahiu kwenda Naivasha, nyuma ya malori, unakanyaga na kuachia, unakanyaga na kuachia. Hapo birika halitoki jikoni. Na diski zako za mbele ni bamba moja lisilo na matundu ya kupitisha hewa, zinapoa polepole.

Hujawahi kunisikia nikisimulia habari ya Wundanyi kwa sababu baba yako alikuwa haipendi. Ilikuwa 1989, tunatoka harusini, watu watano ndani ya Datsun 120Y na magunia mawili ya kabeji kwenye buti. Pedi mpya, wiki haijaisha, mimi mwenyewe nilimpa baba yako dukani. Tukateremka kuelekea Mwatate. Kona ya nne au ya tano nikamwona anakanyaga mara mbili, kisha mara tatu za haraka, na uso umebadilika. Pedali ilizama kama mguu kwenye matope ya mikoko. Akashusha gia hadi ya kwanza, injini ikapiga kelele, akavuta hendibreki kidogo kidogo, tukaenda kuegemea kwenye ukingo wa udongo. Hakuna aliyesema neno. Harufu yake naijua mpaka leo.

Kesho yake alipofungua, pedi nzima na diski nzima. Mafuta ya breki ndiyo yaliyokuwa meusi kama kahawa ya dele. Hatukuwa tumeyabadilisha tangu tulinunue lile gari. Mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewani, na hapa pwani usiulize. DOT 4, aina moja ya mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230, lakini ikishakunywa maji kipimo chake hushuka mpaka 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga hewa. Angekuwa na kalipa za pistoni nne zenye mafuta yale yale, joto lingechelewa kona mbili, tatu, kisha tungefika pale pale.

Kwa hiyo fungua kwanza kilichopo. Mipira ya breki, ile mirija inayopitisha mafuta, ibadilishe yote bila kuitazama sura. Ikizeeka nje inaota magaga kama kisigino cha mvuvi, lakini ubaya zaidi uko ndani, inavimba mpaka mafuta yanakwenda lakini hayarudi, na gurudumu linabaki limeshikwa. Kalipa zako za asili zivuliwe, pistoni zitazamwe kutu, ringi zake za mpira zibadilishwe. Nyuma, silinda ndogo zikaguliwe kama zinavuja, shuu, zile zinazosugua drumu kwa ndani, zirekebishwe ziikaribie. Nusu ya pedali za kuzama sana nilizolalamikiwa zilikuwa ni shuu zilizoachwa mbali tu. Mafuta mapya, DOT 4, na hewa itolewe mpaka yatoke safi. Pedi nunua kwa mtu atakayekuwepo dukani mwezi ujao. Niliwahi kuuziwa katoni nzima yenye maandishi mazuri, nikakwaruza moja kwa ufunguo ikatoka unga kama chaki. Nilizichoma nyuma ya duka.

Ukimaliza hayo, uteremke tena Mai Mahiu kwa gia ya chini, na bado pedali inalegea, hapo nitakuunga mkono. Na wala usiagize vya kung'aa kutoka ng'ambo. Kalipa za Hilux ya 4x4 ya mwanzoni mwa miaka ya 80 zina pistoni nne na zinakaa kwenye 240Z kwa diski zile zile za asili, ila lile bati la vumbi la nyuma ya diski utalikata. Wenye magari haya huko Marekani wamefanya hivyo miaka mingi. Pima kwanza kama rimu yako itapita. Ujue pia pistoni zikiwa kubwa zinadai mafuta mengi, kwa hiyo pedali itashuka zaidi. Masta silinda yako, ile pampu inayosukumwa na pedali, ni ya inchi 7/8, na wengine huchukua ya Datsun 280ZX ya 15/16. Pedali itapanda, lakini itakuwa ngumu mguuni.

Drumu za nyuma ziache. Hapo sitaki mjadala. Gari likifunga breki, uzito unakimbilia mbele, nyuma inabaki nyepesi. Ukiipa nguvu nyingi itajifunga kabla ya mbele, na kwenye lami yenye mvua mkia utakupita wewe ukiwa umeshika usukani. Juu ya hapo utaanza kuhangaika na hendibreki, na wewe sasa hivi umejua kwa nini naithamini hendibreki.

Kabla fundi hajakuambia diski zimekwisha, zipime mwenyewe. Zilipotoka kiwandani zilikuwa milimita 12.5, chini ya 10.5 tupa. Mikromita ya baba yako naituma na basi la Alhamisi, nimeifunga kwenye kitambaa ndani ya kopo la maziwa. Usimwazime mtu.

Mama yako