Usimuulize "Mimi ni Nani?"

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa naingia chumbani kwa mama na swali lile lile: "Mama, mimi ni nani?" Nilidhani namsaidia. Niliamini kumbukumbu ni kama misuli, kwamba ukiitumikisha haitalegea. Siku moja akanijibu, "Kwani wewe hujijui?" Tukacheka wote, naye akacheka. Kisha nikaona vidole vyake vinakunjakunja pindo la shuka, na macho yamekwepa kunitazama. Alikuwa anaona aibu. Sijamuuliza tena tangu siku ile, na kama unamtunza mzazi mwenye demensia, yaani hali ya ubongo kudhoofika na kumbukumbu kupotea, nakusihi na wewe uache.

Siku hizi naanza mimi. "Shikamoo mama," nataja jina langu, halafu naongeza, "kitinda mimba wako." Hapo hana mtihani wa kushindwa. Akikumbuka, uso unachangamka. Asipokumbuka, ameshaambiwa, na mazungumzo yanaendelea.

Nilipojua kwa nini majina hutangulia kupotea, uchungu ulipungua. Ukiambiwa fulani ni mfinyanzi, akili inakuletea udongo, vyungu, mikono yenye tope. Ukiambiwa jina lake ni Mfinyanzi, huletewi kitu, ni sauti tupu. Jina la mtu halina pa kushikilia, hata sisi wazima hutuponyoka. Sasa chukua ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya demensia. Mara nyingi huanzia jirani na hipokampasi, sehemu ndogo ya ndani ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Mwaka 1901, huko Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alimuuliza mgonjwa wake Auguste Deter jina la mumewe. Akajibu kwamba anadhani ni Auguste, jina lake mwenyewe. Daktari alikuwa na sababu ya kuuliza, alikuwa anachunguza maradhi. Mimi nilikuwa nachunguza nini?

Sura ni jambo jingine, na hapa ndipo nilipokosea zaidi. Niliona mama amenisahau. Siku moja akaniambia kwa upole kwamba binti yake ni mwembamba, yuko shuleni, atarudi jioni. Hakuwa amenisahau! Alikuwa ananitafuta, ila anamtafuta msichana wa miaka 15, na mbele yake amekaa mtu mzima mwenye mvi. Mwanasaikolojia Mfaransa Théodule Ribot aliandika mwaka 1881 kwamba kumbukumbu mpya ndizo zinazoanza kupotea, za zamani zikabaki. Kwa hiyo picha nilizobandika ukutani, zote za miaka ya karibuni, hazikumfaa kitu. Nikazitoa, nikaweka za zamani, nikaandika majina chini kwa herufi kubwa. Ile yangu ya sare ya shule nimeiweka karibu na kiti ninachokalia. Wakati mwingine anaitazama, ananitazama mimi, anaitazama tena.

Sauti inadumu kuliko sura, angalau kwa mama yangu. Kwa hiyo naanza kuongea nikiwa bado mlangoni. Sitokei nyuma yake, wala sisimami dirishani kwa sababu mwanga ukitoka nyuma yangu uso unakuwa giza tupu. Nainama hadi macho yetu yalingane. Hakikisheni pia miwani ni safi na ndiyo yake. Sisi tulihangaika wiki mbili tukidhani ugonjwa umepanda, kumbe miwani ilibadilishana na ya baba.

Atakuita jina la mtu mwingine, jiandae. Mama aliniita kwa jina la marehemu mama mdogo, nami nikamsahihisha: huyo alishafariki. Akalia kama aliyepokea taarifa ya msiba dakika ile. Kesho yake akaniita tena vile vile, na mimi, kwa ujinga wa kutaka ukweli, nikamwambia tena. Akalia upya. Hilo linaniuma mpaka leo. Sasa akiniita hivyo naitika, "Abee, dada." Mama mdogo alikuwa kipenzi chake. Sioni kama nimesahauliwa, naona nimewekwa kwenye kundi la wapendwa.

Kaka yangu aliacha kuja kwa kuwa, alivyosema, "hata hajui kama nilikuja." Sikubaliani naye. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu, vingine vya huzuni, vingine vya furaha. Filamu waliisahau upesi, lakini hisia ziliendelea kuwamo mioyoni mwao. Mama huwa hajui nani alimtembelea asubuhi, ila jioni yake anakula vizuri na halalamiki. Ukimfokea, hilo nalo linabaki.

Kuna wengine hudai kwamba mwenzi au mtoto ni tapeli aliyevaa sura ya mtu wao. Hali hiyo madaktari huiita Capgras. Usibishane naye, toka kidogo, kisha rudi ukiongea kutoka mbali, asikie sauti kabla hajaona sura. Wengine huogopa kioo kwa sababu wanaona mgeni mle ndani. Sisi tulikifunika kwa kitambaa, yakaisha.

Lakini kama jana alikujua na leo ghafla hamjui yeyote, amechanganyikiwa au anasinzia kupita kawaida, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Demensia kwa kawaida haiendi kasi hivyo. Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini au dawa mpya aliyoanzishwa, na hayo yanatibika. Kwa mama ilikuwa mkojo. Baada ya siku chache za dawa niliingia, nikasema shikamoo, na kabla sijataja jina akasema, "Marahaba, mbona umechelewa?"